Injini Inapokosa Mwako: Kuutafuta Ugonjwa Kabla ya Kuutibu

Barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, ikiisha kulipita bonde la mibuyu na mji mdogo wa Ruaha Mbuyuni, huanza kuukwea Mlima Kitonga. Hapo njia hujipinda kandokando ya genge, malori ya mizigo hupanda kwa gia ndogo yakifuatana, na dereva wa gari dogo atakaye kulipita lori hana budi kuwa na hakika kwamba injini yake itamtii pindi atakapokanyaga mafuta.

Ichukuliwe mfano wa dereva aliyefika mahali hapo akiwa na abiria wanne pamoja na mizigo yao. Tangu Dar es Salaam gari lake halikumpa taabu yoyote. Anaona nafasi, anatoka nyuma ya lori na kukanyaga mafuta. Lakini badala ya kupata nguvu, anasikia injini ikitetemeka na gari likienda kwa kuchechemea. Mbele yake gari jingine linateremka. Kwa bahati dereva wa lori anapunguza mwendo, naye anapata nafasi ya kurudi upande wake.

Asubuhi yake, mjini Iringa, fundi anaiwasha injini hiyo na kuisikiliza. Inanguruma vizuri, haina kasoro. Hata hivyo, kwa kuwa mwenye gari anasisitiza kwamba jana iligoma, plagi zote nne zinabadilishwa. Gari linakwenda vizuri kwa majuma machache, kisha ugonjwa unarudi. Pampu ya petroli inabadilishwa; ugonjwa upo palepale. Nozeli zinasafishwa, hakuna nafuu. Mwishowe mwenye gari anashauriwa kutafuta injini nyingine. Fedha iliyokwisha kutumika ni nyingi, na hakuna hata mtu mmoja aliyekwisha kujua gari linaumwa nini.

Habari ya namna hii si ngeni kwa watu wenye magari. Si kwamba mafundi hawana ujuzi wa mikono. Wengi wanao wa kutosha. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuutafuta ugonjwa kabla ya kuutibu, na utaratibu huo ndio uleule utumiwao na mwanasayansi katika maabara.

Mambo matatu ya lazima

Injini ya petroli itumikayo katika magari mengi hufuata mpango wa mapigo manne, ambao Mjerumani Nikolaus Otto alifaulu kuutumia mwaka 1876. Katika pigo la kwanza pistoni hushuka na kuvuta hewa na petroli. Katika la pili hupanda na kuugandamiza mchanganyiko huo. Cheche huuwasha, na katika pigo la tatu gesi zenye joto kali huisukuma pistoni chini. Katika la nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Ni pigo la tatu peke yake litoalo nguvu. Hayo mengine matatu ni ya kuliandalia.

Ili mwako upatikane, yapasa mambo matatu yakutane kwa wakati wake. La kwanza ni mchanganyiko ulio sawa: kwa uzito, sehemu 14.7 hivi za hewa kwa sehemu 1 ya petroli. La pili ni mgandamizo wa kutosha. La tatu ni cheche yenye nguvu. Likipungua mojawapo, silinda hukosa mwako. Mafundi husema injini "inamisi".

Ni vizuri kufahamu wingi wa mwako wenyewe. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. Kwa injini ya silinda nne, jumla ni mara 100 kwa kila sekunde. Silinda moja ikiacha kabisa kuwaka, robo ya nguvu hupotea. Tena hizo tatu zilizobaki hulazimika kuiburuta pistoni ya nne isiyofanya kazi. Kutetemeka anakokusikia dereva ni pengo hilo katika mfuatano wa mapigo.

Kwa nini mlimani na si gerejini?

Jambo lililomchanganya fundi wa kwanza ni kwamba injini haikuonyesha kasoro gari lilipokuwa limesimama. Lakini jambo hilo lenyewe ni dalili kubwa, na maelezo yake yamo katika fizikia.

Betri ya gari hutoa volti 12 tu. Volti hizo haziwezi kurusha cheche katika nafasi iliyopo kwenye ncha ya plagi. Kwa hiyo hutumika koili, ambayo ni mizingo miwili ya waya juu ya kiini cha chuma. Mkondo wa umeme hupitishwa katika mzingo wenye mizunguko michache, kisha hukatwa ghafula. Uga wa sumaku unapoanguka, umeme wenye volti maelfu mengi huzuka katika mzingo wa pili wenye mizunguko mingi sana. Kanuni hiyo iligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831.

Je, cheche huhitaji volti ngapi? Hilo hutegemea hewa iliyomo katika nafasi ya plagi. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuipasua gesi hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: kanieneo ya gesi na upana wa nafasi. Katika hali iliyomo ndani ya silinda, kanieneo ikizidi, au nafasi ikipanuka, volti zinazohitajika nazo huongezeka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Gesi ikisongamana, elektroni hugongana na chembe za gesi kabla hazijapata mwendo wa kutosha, na kwa hiyo hapana budi zisukumwe kwa nguvu zaidi.

Gari linapokuwa limesimama huku injini ikinguruma taratibu, mlango wa hewa huwa karibu umefungwa. Hewa iingiayo katika silinda ni kidogo, na hata ikigandamizwa kanieneo yake si kubwa. Volti elfu kadhaa zatosha kurusha cheche. Lakini dereva anapokanyaga mafuta mlimani, mlango hufunguka, silinda hujaa, na kanieneo wakati wa cheche huongezeka maradufu. Hapo zaweza kuhitajika volti 20,000 au zaidi. Koili dhaifu, au mpira wa koili wenye ufa mwembamba kama unywele, waweza kumudu kazi ya kwanza na kushindwa kabisa kazi ya pili. Umeme hufuata njia iliyo rahisi. Ikiwa kuuvuka ufa wa mpira na kukimbilia kwenye chuma cha injini ni rahisi kuliko kuivuka nafasi ya plagi, umeme utapita ufani, na silinda itabaki bila cheche.

Hapa pia ndipo inapoeleweka kwa nini plagi mpya zilileta nafuu ya muda. Katika magari mengi ya siku hizi nafasi ya plagi mpya huwa kiasi cha milimita 1.1, lakini ncha zake hulika polepole na nafasi hupanuka. Plagi mpya ilipunguza volti zilizohitajika, na koili iliyokuwa inaugua ikaweza kujikongoja. Ugonjwa ulifichwa tu.

Kuitambua silinda yenye kosa

Hatua ya kwanza ya utafutaji si kununua kitu. Ni kuuliza: je, ni silinda moja tu inayokosa mwako, au ni zote kwa zamu? Jibu la swali hili hugawa kazi katika mafungu mawili. Kosa likiwa katika silinda moja, chanzo ni kitu kinachoihusu silinda hiyo peke yake: plagi yake, koili yake, nozeli yake, au vali na ringi zake. Kosa likizihusu silinda zote, chanzo ni kitu zinachokishiriki: petroli yenye maji au iliyochanganywa na mafuta ya taa, pampu isiyosukuma vizuri, hewa inayoingia kwa wizi baada ya kipimo cha hewa, au betri na nyaya zake.

Katika magari ya zamani yenye distributa, fundi huichomoa waya ya plagi moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Akichomoa waya ya silinda nzima, mngurumo hubadilika na injini hudhoofika. Akichomoa ya silinda mbovu, hakuna kinachobadilika. Njia hii hutaka koleo yenye mpini wa mpira, maana umeme wa koili humpiga mtu vibaya, na mwenye moyo mgonjwa waweza kumdhuru. Usiku, boneti ikiwa wazi, fundi aweza pia kuona vimulimuli vya buluu mahali umeme unapovuja katika waya au katika kifuniko cha distributa, hasa majira ya masika hewa ikiwa na unyevu.

Magari ya siku hizi mengi hayana distributa. Kila plagi hubeba koili yake juu ya kichwa. Hayo yana kompyuta ambayo hutambua silinda yenye kosa kwa njia ya werevu mwingi. Kwenye shafti ya kranki hufungwa gurudumu lenye meno, na pembeni yake huwekwa kifaa kinachohesabu meno yapitayo. Kila silinda inapowaka, kranki husukumwa na kwenda mbio kidogo. Isipowaka, mwendo wa kranki hupungua kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kompyuta hupima upungufu huo, hutazama ni zamu ya silinda ipi, na kuweka kumbukumbu. Mashine ndogo ya kusomea ikichomekwa, huonyesha P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 kwa ya pili, na kuendelea hivyo. P0300 maana yake ni kwamba mwako unakosekana bila kuchagua silinda. Namba hizi ni za mpango wa pamoja uliofanywa kuwa sharti kwa magari mapya nchini Marekani tangu ya mwaka 1996, kisha ukaenea kwingineko.

Katika mfano wetu mashine inaonyesha P0303. Hapo wengi hukosea: huisoma namba hiyo kana kwamba ni jina la kipuri cha kununua. La, sivyo. Namba hiyo inasema tu kwamba silinda ya tatu haikuwaka. Haisemi kwa nini. Ni kama kipimajoto kinachosema mgonjwa ana homa.

Dereva naye apaswa kujua maana ya taa ya injini. Ikiwaka bila kuzima, lipo jambo la kuangaliwa mapema. Ikiwa inawaka na kuzima kwa haraka, hiyo ni onyo kwamba mwako unakosekana kwa kiasi cha kuharibu kichujio cha moshi, ambacho mafundi hukiita masega. Petroli isiyowaka ndani ya silinda huenda kuwaka humo, joto hupanda kupita kiasi, na masega ya kauri yaliyopakwa madini adimu ya platinamu, paladiamu na rodiamu huyeyuka na kuuziba moshi. Kuendelea na safari katika hali hiyo ni kugeuza kosa dogo kuwa hasara kubwa. Yafaa kupunguza mwendo, kuacha kukanyaga mafuta kwa nguvu, na kutafuta mahali salama pa kusimama.

Kubadili kitu kimoja kwa mara moja

Fundi mwenye utaratibu, akiisha kuijua silinda, hatumii fedha ya mwenye gari kujua zaidi. Anazima injini, anaichomoa koili ya silinda ya tatu na kuiweka katika silinda ya kwanza. Ile ya kwanza anaiweka katika ya tatu. Hagusi plagi, wala nozeli, wala kitu kingine chochote. Anafuta kumbukumbu ya kompyuta, kisha analirudisha gari katika hali ileile iliyoleta ugonjwa. Si lazima kwenda mpaka Kitonga: kilima cha kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini chatosha, gari likiwa na watu wanne, gia kubwa kidogo na mafuta yamekanyagwa.

Sasa kuna majibu mawili tu. Mashine ikionyesha P0301, ugonjwa umehama pamoja na koili, na koili ndiyo yenye kosa. Ikionyesha tena P0303, koili haina hatia, na utafutaji waendelea. Majibu yote mawili yana faida, kwa maana hata hilo la pili limepunguza watuhumiwa. Lakini kama fundi angebadili koili, plagi na nozeli kwa pamoja, na gari likapona, asingejua lililoponya. Na lisipopona, asingejua wapi pa kuendelea.

Tuseme ugonjwa haukuhama. Kinachofuata ni kuhamisha plagi kwa njia hiyohiyo, injini ikiwa imepoa ili nyuzi za alumini zisichunike. Plagi ikishatolewa yafaa isomwe, kwa kuwa ina habari za yaliyotokea ndani. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya silinda yenye afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi. Ncha iliyolowa petroli huonyesha kwamba mafuta yalifika lakini cheche haikufika. Weusi wa mafuta unaonata huonyesha oili inapita kwenye ringi au vali. Weupe wenye malengelenge huonyesha joto limezidi, pengine kwa sababu ya petroli kuwa chache.

Plagi ikiwa nzima, nozeli huhamishwa au hupimwa. Yote hayo yakiwa mazima, ndipo mgandamizo upimwe kwa geji. Injini nzima ya petroli aghalabu huonyesha mara 10 hadi 13 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na silinda zote zapaswa kukaribiana. Silinda moja ikiwa chini sana, fundi hutia kijiko kidogo cha oili ndani yake na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi ndizo zilizolika, maana oili imeziba pengo lake kwa muda. Kisipopanda, kosa li katika vali au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, yafaa kuishuku gasketi iliyo kati yake. Ni baada ya kipimo hiki tu ndipo yaweza kusemwa kwa haki kwamba injini yahitaji kufunguliwa.

Chanzo cha chanzo

Katika gari la mfano wetu, mashine ilionyesha P0301. Koili ndiyo mbovu. Wengi wangeishia hapo: koili mpya, malipo, kwaheri. Lakini fundi alipoichomoa koili ile aliona kwamba mpira wake ulikuwa umelainika na kuvimba, na ndani ya shimo la plagi ya tatu palikuwa na oili. Oili hiyo haikutoka ndani ya silinda. Ilivuja kutoka juu, kupitia sili ya kifuniko ambacho mafundi hukiita tapeti kava, ambayo kwa miaka na joto ilikuwa imekauka na kupasuka. Oili iliulainisha mpira, mpira ukafanya ufa, umeme ukapata njia ya mkato kwenda kwenye chuma, na silinda ikakosa cheche hasa pale ilipohitaji volti nyingi: mlimani, gari likiwa na mzigo.

Yaani koili mpya ingewekwa katika shimo lilelile lenye oili, na baada ya miezi kadhaa ingekufa kama ya kwanza. Tiba kamili ilikuwa kulikausha shimo, kubadili sili na gasketi ya kifuniko, kisha kuweka koili. Sili ni kipuri cha bei ndogo sana kikilinganishwa na pampu, sembuse injini nzima. Pampu ya zamani ilikuwa nzima; injini ilikuwa nzima; hata plagi za zamani huenda zingesafiri bado.

Somo kwa gereji na kwa mwenye gari

Mwenye gari asiyejua ufundi anaweza pia kuusaidia utafutaji huu. Amweleze fundi lini kosa hutokea: injini ikiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, baada ya mvua, au baada ya kujaza petroli mahali fulani. Injini inayotetemeka ikiwa imesimama na kupata nafuu ikienda mbio yaelekea kuvuta hewa ya wizi. Ile inayosumbua chini ya mzigo tu yaelekea kuwa na udhaifu wa cheche au upungufu wa petroli. Maelezo kama hayo hayagharimu kitu, nayo huokoa siku nzima ya kazi. Tena aombe kurudishiwa vipuri vilivyotolewa, aone kilichoharibika na kuulizia sababu yake.

Kwa upande wa fundi, vifaa vinavyohitajika si vingi: spana ya plagi, mita ya umeme, geji ya mgandamizo na mashine ya kusomea kumbukumbu. Kilicho kikubwa zaidi ni mazoea ya fikra: kuirudisha hali iliyoleta ugonjwa, kubadili kitu kimoja kwa mara moja, kuandika matokeo, na kuuliza kilichokiua kipuri kabla ya kuweka kingine. Gereji iliyo chini ya mwembe ikiyafuata hayo inafanya kazi ya sayansi kamili, na dereva akifika tena Kitonga, akatoka nyuma ya lori na kukanyaga mafuta, silinda zote nne zitamwitikia.